Kula Vizuri Mombasa: Somo kwa Wasafiri wa Kawangware 46

Likizo ya Desemba ikikaribia, safari za Mombasa huanza kupangwa Kawangware 46. Vyama vya akina mama hugawana akiba ya mwaka, makanisa hukodi mabasi, na vijana huchanga nauli ya treni ya Syokimau. Nauli na malazi hupangwa mapema, hata miezi kadhaa kabla. Chakula huachwa kipangwe huko huko. Mara nyingi ndicho kinachomaliza pesa kabla ya siku, au kinachomlaza mtoto chumbani siku mbili kati ya tatu zilizolipiwa.

Somo hili linaeleza jinsi ya kutafuta mahali pazuri pa kula katika mji wa pwani usioujua. Halitaji hoteli ya mtu yeyote. Jarida la kaunti si mahali pa kutangazia biashara, na tena hoteli iliyosifiwa mwaka huu inaweza kubadilisha mpishi mwaka ujao. Njia ya kuitambua haibadiliki haraka hivyo.

Ujuzi ambao msafiri tayari anao

Steji ya 46, iliyopata jina kutokana na namba ya matatu zake, ni shule nzuri ya kuchagua chakula. Jioni ikiingia, kuna mutura, samaki wa kukaanga, chapati madondo, mayai ya kuchemsha na mahindi choma, vyote ndani ya hatua chache. Mkazi wa hapo hasomi ubao wa matangazo. Anajua ni mama yupi ambaye sufuria yake ya madondo huisha mapema kila siku, na ni nani ambaye samaki wake wamekuwa kwenye kioo tangu jana. Anaangalia mafuta yamekuwa meusi kiasi gani. Anaona kama anayepokea pesa ndiye huyo huyo anayeshika chapati kwa mkono.

Ajabu ni kwamba mtu huyu akishuka Mombasa huuacha ujuzi wote kwenye basi. Huingia mahali pa kwanza penye picha kubwa ya kamba karibu na ufuo, ama huagiza chipsi na kuku ambavyo angevipata hatua mia moja kutoka nyumbani kwake, tena kwa bei nafuu.

Kila chakula na saa yake

Mgeni wa Mombasa akijifunza jambo moja tu, na liwe hili: pwani chakula kina saa yake. Anayekifuata saa yake hukila kikiwa kimetoka jikoni. Anayekikuta nje ya saa yake hula mabaki.

Asubuhi ni ya mahamri na mbaazi. Mahamri huwa na harufu ya iliki, na mbaazi hupikwa kwa tui la nazi mpaka mchuzi ukawa mzito. Huuzwa mapema, katika hoteli ndogo na hata mlangoni mwa nyumba za watu, na ikifika saa nne au saa tano yale mazuri yamekwisha. Hapa kuna sababu ya kiafya na wala si ladha pekee. Tui la nazi huchacha upesi kwenye joto la pwani. Mbaazi zilizopikwa alfajiri zinafaa kuliwa asubuhi hiyo. Zikikaa mezani bila moto mpaka jioni, hata kama hazijanuka, hazifai kupewa mtoto.

Mchana ni wa wali wa nazi, pilau, mchuzi wa samaki na samaki wa kupaka. Biriani hupatikana siku nyingi, lakini Ijumaa ndiyo siku yake hasa. Msafiri akumbuke kwamba siku hiyo wakati wa swala ya adhuhuri baadhi ya hoteli za Mji wa Kale hufunga kwa muda. Kusubiri kidogo kunalipa, kwa kuwa wenyeji wakitoka msikitini wanaenda kula, na jikoni panachangamka.

Alasiri ni zamu ya viazi karai: viazi vilivyochemshwa, vikachovywa kwenye rojo la unga lenye manjano, kisha vikakaangwa na kuliwa kwa ukwaju. Bajia na kachri hutoka saa hizo hizo. Kando ya bahari, katika bustani ya Mama Ngina ambako sherehe za Mashujaa za 2019 zilifanyika, familia huenda kupunga upepo na kutafuna muhogo wenye pilipili na ndimu. Watu huwa wengi wikendi, na hilo ni jambo jema kwa mlaji, maana muhogo unaotoka kwenye karai haupati nafasi ya kupoa.

Jua likishazama, moto wa mkaa huwashwa kwa mishkaki. Baada ya hapo ni kahawa tungu katika vikombe vidogo, kwa mwenye moyo wa kuikabili.

Wakati wa Ramadhani utaratibu huu wote hugeuka. Sehemu nyingi za kula hufungwa mchana, na vyakula hujaa mitaani kuanzia alasiri kwa ajili ya futari. Asiyefunga ajipange kula ndani alikofikia, na jioni atoke apate mlo ambao miezi mingine haupatikani kwa wingi kama huo.

Swali la kuuliza, na wa kuulizwa

"Hoteli nzuri iko wapi?" ni swali baya. Anayeulizwa hutazama viatu vya mgeni na kumwelekeza kunakofanana na viatu hivyo. Dereva wa tuktuk naye huenda ana mahali anapopewa kitu kidogo akipeleka wateja. Swali linalofaa ni hili: "Wewe mwenyewe mchana hula wapi?" Aulizwe muuza duka, bawabu wa nyumba ya wageni, au mama wa mboga pale Marikiti, soko la Barabara ya Digo ambalo mtu wa Nairobi asilichanganye na Marikiti ya kwao.

Salamu itangulie. Mombasa, kumwendea mtu mzima na kuanza na swali ni utovu wa adabu, hata kama mwulizaji ana haraka. "Shikamoo mama" au "Salaam aleikum baba", kisha swali; na jibu huwa refu na lenye manufaa zaidi. Anayezunguka Mji wa Kale avae mavazi ya heshima, apite ndani ya vichochoro nyuma ya Fort Jesus badala ya kuishia kwenye maduka ya vinyago, na aangalie wanakoingia wafanyakazi wenye dakika chache za kula. Watu hao hawana muda wa kupoteza wala pesa za kuchezea.

Samaki

Watu wengi wa 46 wamekulia samaki wa Ziwa Victoria, na wanamjua ngege na mbuta kwa kumtazama tu. Baharini majina ni mengine: changu, tafi, kolekole, nguru, jodari. Dalili za usafi ni zile zile. Macho yawe maangavu na yaliyojaa, mashavu yawe mekundu ndani, na nyama ikibonyezwa kwa kidole irudi mahali pake. Samaki mbichi hunukia bahari. Akianza kunuka mwenyewe, amechelewa.

Upepo pia una neno. Kaskazi ikivuma, takriban kuanzia Novemba hadi Machi, bahari hutulia na vyombo vidogo huenda kuvua. Kusi ikishika, takriban Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka, wavuvi wengi hubaki nchi kavu, na samaki wa siku hiyo hupungua na kupanda bei. Kwa hiyo anayeahidiwa "samaki wa leo" kwa bei ya chini katikati ya Julai ana haki ya kuuliza mara mbili. Samaki wa barafu si kosa, mradi mteja ameambiwa na hauziwi kwa bei ya aliyevuliwa asubuhi.

Jodari na jamii yake wanahitaji uangalifu wa pekee. Wakikaa juani bila barafu, nyama yao hutengeneza sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mtu aliyeila huweza kuwashwa, kuwa mwekundu usoni, kuumwa kichwa na moyo kumdunda, mara nyingi kabla saa moja haijaisha. Wengi hudhani ni mzio, wakaacha samaki maisha yao yote. Kosa lilikuwa la barafu.

Bei ijulikane kabla samaki hajaingia kwenye mafuta. Kamba na samaki wakubwa aghalabu huuzwa kwa uzani, na chama cha watu kumi na wawili kikiketi bila kuuliza, akiba ya mwaka inaweza kuyeyuka kwenye meza moja.

Maji, barafu na vyeti

Dafu lililokatwa mbele ya mnywaji ni kinywaji salama, maana maji yake hayajaguswa na mtu. Juisi ni habari nyingine: tunda linaweza kuwa safi, lakini maji na barafu vilitoka wapi? Kachumbari nayo haipiti motoni, kwa hiyo usafi wake ni ule wa mikono na maji yaliyotumika. Wali wa moto unaofuka moshi una hatari ndogo kuliko saladi iliyopangwa vizuri.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti kazi ya kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouzia umma chakula. Ndiyo maana maafisa wa afya ya umma wa Nairobi hukagua vibanda vya 46, na wale wa Mombasa hukagua vya kwao. Mteja ana haki ya kuona leseni ya biashara, na wanaoshika chakula wanatakiwa kuwa na cheti cha kupimwa afya ambacho kina tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo isomwe. Lakini karatasi ya ukutani hainawi mikono. Mwaka 2017 kipindupindu kiliwapata watu waliokula kwenye mikutano katika kumbi na hoteli kubwa za Nairobi, zenye vitambaa vyeupe mezani. Kwa hiyo baada ya kusoma cheti, mlaji atazame bomba la kunawia, sabuni, na beseni linalooshewa sahani.

Safari yenyewe

Basi husimama Mtito Andei, karibu nusu ya njia, na hapo pawe ni pa chai na kitu cha moto tu. Sambusa za tangu jioni ziachwe. Treni ya alasiri hufika Miritini usiku, mbali na kisiwa. Mwenye watoto wenye njaa saa hizo hachagui, hula kilicho karibu. Chapati na mayai yaliyochemshwa asubuhi hiyo kutoka nyumbani, pamoja na maji ya chupa, vitamvusha usiku wa kwanza.

Mtu akianza kuhara sana, apewe maji ya ORS mara moja. Pasipokuwa na pakiti, lita moja ya maji safi hutiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Hayo ni ya kumsaidia njiani wakati anapelekwa kituo cha afya. Dalili za kipindupindu zinaweza kuchukua hadi siku 5 kujitokeza, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa ameshafika nyumbani Kawangware. Amweleze mhudumu alikula wapi, nini na siku gani, ili habari ifike kwa maafisa wa afya wa kaunti alikokula. Risiti ihifadhiwe.

Kuhusu zawadi: mabuyu, achari ya embe na haluwa husafiri vizuri. Samaki mbichi asibebwe kwenye mfuko wa plastiki chini ya kiti cha basi la usiku. Anayemtaka kweli anunue asubuhi ya kuondoka, amtoe matumbo, amfunge kwenye kisanduku chenye barafu nyingi, na ampike siku hiyo hiyo anapofika.