Somo la Familia: Mzazi na Kijana Katika Maktaba ya McMillan, Nairobi

Shule zinapofungwa, familia nyingi husafiri kwenda Nairobi kwa shughuli za kawaida: kumwona jamaa, kwenda kliniki katika hospitali kubwa, kufuatilia stakabadhi au kununua sare. Mara nyingi kijana wa sekondari huandamana na mzazi, na wawili hao hujikuta na saa mbili tatu za kungojea katikati mwa jiji. Somo la toleo hili linaonyesha jinsi saa hizo zinavyoweza kutumika ndani ya jengo ambalo wapita njia wengi hulitazama bila kuingia: Maktaba ya Ukumbusho ya McMillan.

Jengo na historia yake

Maktaba hiyo iko kwenye Barabara ya Banda, jirani na Msikiti wa Jamia, na si mbali na City Market. Ni rahisi kuitambua. Ina ngazi pana, nguzo ndefu upande wa mbele, na simba wawili wa mawe waliolala pande mbili za mlango.

Ilifunguliwa mwaka wa 1931. Lucie McMillan aliijenga kwa ukumbusho wa mumewe, William Northrup McMillan, mlowezi tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1925 na kuzikwa katika mlima wa Ol Donyo Sabuk, ambao wengi huuita Kilimambogo. Sehemu ya fedha za ujenzi ilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani.

Kijana akisimama mbele ya simba hao kwa mara ya kwanza, huenda akauliza, “Mama, hapa tunaruhusiwa kuingia?” Mzazi asilicheke swali hilo. Kwa zaidi ya miaka 25, jibu lilikuwa hapana. Maktaba ilitengewa Wazungu peke yao. Mwafrika angeweza kufagia ngazi zile, lakini hakuweza kuketi ndani na kufungua kitabu. Ilipofika mwaka wa 1958, chini ya Baraza la Jiji la Nairobi, ndipo milango ikafunguliwa kwa watu wote.

Hesabu ndogo inasaidia hapa. Mkenya aliyezaliwa mwaka wa 1935 alipitisha utoto na ujana wake wote mlango huo ukiwa umefungwa kwake. Huyo ni babu au nyanya katika familia nyingi za kaunti hii. Kijana akiijua hesabu hiyo, ataelewa kwamba kupanda ngazi zile na kuketi kwenye meza ya kusomea ni haki iliyochelewa kufika katika ukoo wake.

Leo maktaba iko chini ya Serikali ya Kaunti ya Nairobi. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka wa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekuwa likishirikiana na kaunti hiyo kuikarabati pamoja na matawi yake mawili, Kaloleni na Makadara.

Kabla ya safari

Mambo matatu yanafaa kufanywa mapema.

Kwanza, mzazi aulize kuhusu saa za kufungua, ada ya kuingia na kitambulisho kinachohitajika. Jengo lina umri mkubwa, na huenda sehemu fulani ikawa imefungwa kwa ukarabati siku hiyo.

Pili, kijana achague swali moja analotaka kulijibu. Anayeingia maktaba kubwa bila swali huchoka baada ya dakika kumi na kurudi kwenye simu. Swali lisiwe la mtihani tu. Linaweza kuwa: reli ilifikaje sehemu zetu? Jina la mji wetu lilitoka wapi? Magazeti yalisema nini wiki ambayo Kenya ilipata uhuru, Desemba 1963?

Tatu, mzazi aondoe haya. Wazazi wengi walioacha shule mapema husita kuingia mahali pa vitabu, wakiogopa kuonekana hawajui. Hakuna mtihani mlangoni. Mzazi anaweza kumwambia mfanyakazi wa maktaba kwa Kiswahili, “Mwanangu anatafuta habari za jambo hili, tuanzie wapi?” Kuelekeza wageni ni sehemu ya kazi ya mkutubi. Kijana anayemwona mzazi wake akiuliza bila woga hujifunza kuuliza pia.

Kukipata kitabu

Maktaba nyingi za umma nchini hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, uliobuniwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka wa 1876. Maarifa yote hugawanywa katika makundi kumi kwa nambari, kuanzia 000 hadi 900. Sayansi iko kwenye 500, ufundi, tiba na kilimo kwenye 600, fasihi kwenye 800, na historia na jiografia kwenye 900. Historia ya Kenya hupatikana kwenye 967.62.

Nambari huandikwa kwenye mgongo wa kitabu. Vitabu vya mada moja hukaa pamoja, kwa hiyo anayepata kimoja atazame pia vilivyo kushoto na kulia kwake. Riwaya, kwa kawaida, hupangwa kwa jina la mwisho la mwandishi.

Kijana akiujua mfumo huu, ataweza kuutumia katika maktaba nyingine yoyote inayoufuata, iwe ya chuo kikuu au ya mji mdogo. Kitabu kikishatumiwa, ni vyema kukiacha mezani ili wafanyakazi wakirudishe wenyewe. Kitabu kilichorudishwa rafu isiyo yake ni sawa na kitabu kilichopotea.

McMillan ina hazina nyingine ambayo si rahisi kuipata kwenye simu: magazeti ya zamani ya Afrika Mashariki na kumbukumbu za Bunge. Karatasi hizo ni dhaifu. Mikono iwe safi na mikavu, kurasa zifunguliwe polepole, na ruhusa iombwe kabla ya kupiga picha.

Kusoma kwa jicho la kuuliza

Sehemu ya vitabu na magazeti ya zamani iliandikwa na walowezi, kwa ajili ya walowezi. Kijana anaweza kukutana na maneno ya kuwadharau watu wake. Mzazi asifunge kitabu haraka. Wawili hao wajiulize: nani aliandika haya? Aliwaandikia akina nani? Ni sauti ya nani haimo? Gazeti la mwaka wa 1935 linaweza kueleza kwa kina karamu ya mtu mmoja, na lisiseme lolote kuhusu waliopika chakula hicho.

Ndiyo maana kazi hukamilika nyumbani. Kijana apeleke alichosoma kwa babu au nyanya, amsomee, kisha anyamaze asikilize. Mara nyingi mzee ataongeza, atasahihisha au atakataa kabisa. Kijana aandike maneno hayo katika daftari pamoja na tarehe na jina la msimulizi. Siku moja daftari hilo litakuwa ushahidi wa yale ambayo magazeti yaliyaacha.

Kutoka Nairobi hadi wadi

Si kila familia itafika Barabara ya Banda, na haifai mtoto asafiri mamia ya kilomita ndipo apate meza na kitabu. Huduma ya Maktaba za Taifa Kenya (KNLS) iliwahi kuonyesha kwamba umbali si kisingizio, ilipoanza mwaka wa 1996 kutumia ngamia kupeleka vitabu kwa jamii za wafugaji katika eneo la Garissa.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, inaorodhesha maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, pamoja na makavazi na vifaa vya michezo. Maana yake ni kwamba mkazi ana haki ya kuuliza habari za maktaba kama anavyouliza habari za zahanati au barabara. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka wa 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Vikao vya kuchukua maoni ya umma ndivyo mahali pa kusema: chumba cha kusomea kiko wapi katika wadi yetu, hufunguliwa saa ngapi, na vitabu vyake ni vya mwaka gani? Vijana waandamane na wazazi wao kwenye vikao hivyo. Wao ndio watakaoketi kwenye viti hivyo.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kwa nini maktaba iliyojengwa kwa ukumbusho wa mtu mmoja ilifungiwa wengi, na nani hunufaika inapofunguliwa kwa wote?

2. Ukipewa saa mbili katika maktaba kubwa, ungetafuta jibu la swali gani? Ungeanzia nambari gani ya Dewey?

3. Muulize mzee mmoja wa familia: alipokuwa na umri wa miaka 15, alipata wapi kitu cha kusoma? Andika jibu lake kwa maneno yake mwenyewe.

4. Maktaba au chumba cha kusomea kilicho karibu nawe ni kipi? Kitembeleeni pamoja, mzazi na kijana, kabla ya shule kufunguliwa.