Kazi ya Sindano na Hesabu Yake

Katika sehemu hii ya Kiswahili mmezoea kusoma habari za mpira, za safari na mashairi. Leo naomba nafasi niwaeleze kazi ambayo wengi hapa shuleni huihesabu kuwa ya wasichana, nayo ni kushona vitu kwa mkono na kuviuza katika maonyesho ya kazi za mikono. Nilipoianza nikiwa kidato cha tatu, wenzangu wa bweni waliniita Ssenga, yaani shangazi, na jina hilo limenikaa mpaka sasa niko kidato cha sita. Sikulikataa. Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha, na fedha za sindano ndizo zilizolipa sehemu ya karo yangu.

Kwanza tulimalize neno hili la wasichana. Mtu akipita Kiyembe, mjini Kampala, ataona wanaume wengi wamekaa nyuma ya cherehani. Hata gomesi, vazi ambalo mama zetu hulivaa arusini na kanisani, kwa masimulizi yaliyoenea lilikatwa na fundi mwanamume, Mgoa aliyeitwa Gomes, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza. Jina la vazi ni jina lake. Na nguo ya kale zaidi ya Buganda, mbugu, ambayo kwa Kiganda huitwa olubugo, tangu zamani imekuwa kazi ya wanaume. Hiyo mbugu ndiyo ninayoishona mimi, kwa hiyo nitaieleza kidogo kabla ya kuingia katika somo lenyewe.

Mbugu hutoka katika mti wa mutuba. Wakati wa mvua gome la nje hukwanguliwa, kisha la ndani hubanduliwa kwa uangalifu, na shina hufunikwa kwa majani ya migomba ili lipone na kuota gome jingine. Gome hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji, chini ya banda lililo wazi ili lisikauke upesi, mpaka lipanuke na kulainika. Likianikwa juani hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Watu wa ukoo wa Ngonge, yaani fisi maji, wakiongozwa na mkubwa wao aitwaye Kaboggoza, ndio waliokuwa wakiitengeneza kwa ajili ya nyumba ya Kabaka. Misafara ya wafanya biashara wa kutoka pwani ilipoleta nguo za pamba katika karne ya 19, mbugu ikaanza kurudi nyuma, hata ikabaki zaidi kwa matanga na kwa sherehe. Mwaka 2005 shirika la UNESCO lilitangaza kazi hiyo kuwa urithi wa wanadamu wote. Siku hizi hushonwa mikoba, kofia na majalada ya vitabu, na wageni huipenda sana. Wenyeji nao wameanza.

Sasa somo. Mwenye kuzoea nguo ya pamba akishika mbugu hana budi kuyasahau mengi. Pamba imefumwa, ina nyuzi za urefu na nyuzi za mapana, na sindano ikipita nyuzi husogea kisha hurudi mahali pake. Mbugu haikufumwa. Ni nyuzi za gome zilizoshikana kwa kupigwa, na tundu ukilitoboa litabaki tundu. Ukishona mishono midogo midogo iliyobanana utakuwa umechora mstari wa matundu kama ule wa stempu za barua, na mkoba utachanika siku ya kwanza mtu atakapotia kitabu ndani yake. Basi shona mishono mirefu, kama milimita 4, wala usirudie mstari uleule. Ukitaka kushikiza vipande kabla ya kushona usitumie pini. Tumia vibanio vya kuanikia nguo. Hili shangazi alinionyesha siku ya kwanza, nami sijaona dawa iliyo bora zaidi.

Kabla ya kukata, ivute mbugu taratibu kwa mikono miwili, kwanza upande mmoja halafu upande wa pili. Upande mmoja itakubali kuvutika, na wa pili itakaza. Ule unaokaza ndio urefu wa mti. Kata mkoba wako ili urefu huo uwe wa kutoka juu kwenda chini, kwa maana huko ndiko uzito unakovuta. Kwa mkoba wa shule nakata vipande viwili vya sentimita 34 kwa 30, na bitana ya pamba ya kipimo kilekile. Bitana usiidharau: ndiyo inayobeba mzigo, na mbugu ni uso tu. Ukanda wa begani ushone mpaka uzi uikamate bitana, usiishie kwenye mbugu peke yake. Zipu ifungwe kwenye bitana kwanza. Na maji yasikaribie kazi mpaka mwisho, kwa sababu mbugu ikilowa hupata madoa na kukakamaa.

Utakuta katika mbugu matundu ya asili, mahali palipokuwa na kifundo cha tawi. Watengenezaji wa zamani waliyatia viraka vya mbugu kwa mkono, kwa mishono ambayo ukiitazama utatambua kwamba aliyeshona hakuwa na haraka. Rafiki zangu wawili tulioshona pamoja walikuwa wakivikata viraka hivyo na kuvitupa. Mimi huviweka mbele, katikati ya mkoba. Mnunuzi hukiona kiraka, hukigusa, huuliza, nami nikisha kumweleza habari ya mutuba na kifundo chake huwa vigumu kwake kuurudisha mkoba mezani. Katika onyesho la Desemba, lililofanywa katika uwanja wa kanisa, mikoba yenye viraka iliondoka kwanza.

Nafika sasa mahali ambapo wengi huumia, nako ni kwenye bei. Hii ndiyo hesabu yangu ya onyesho lile. Mbugu moja niliinunua kwa Sh. 40,000, ikatoa mikoba 8, basi kila mkoba Sh. 5,000. Bitana Sh. 2,000, ukanda Sh. 1,500, zipu Sh. 1,000, uzi na mengineyo Sh. 500. Jumla Sh. 10,000. Meza ya maonyesho ya siku mbili ilikuwa Sh. 50,000, nami niliuza mikoba 20, kwa hiyo kila mkoba ulibeba Sh. 2,500 za meza. Niliuza kwa Sh. 25,000. Kilichobaki ni Sh. 12,500 kwa kila mkoba, na kila mkoba hunichukua saa tatu. Saa yangu moja basi ilipata kama Sh. 4,000 na kidogo. Kama ningeuza kwa Sh. 15,000, kama walivyonishauri wengine ili mikoba iishe upesi, saa hiyo ingepata Sh. 800 hivi.

Meza ya jirani yangu ilikuwa ya mama mmoja aliyeleta mikeka ya ukindu, mizuri kuliko chochote nilichokuwa nacho mimi. Aliiuza Sh. 30,000 na akamaliza kabla ya saa sita mchana, watu wakampongeza. Nilipomwuliza, aliniambia kila mkeka ni kazi ya wiki mbili za jioni. Katika kuweka bei alikuwa amehesabu ukindu, rangi na nauli tu. Nilimwonyesha daftari langu. Aliniambia, «Mwanangu, mikono yangu naipata bure.» Sikuwa na jibu la heshima la kumpa mtu wa umri wake, lakini jambo hilo limenikaa kichwani kuliko sifa zote nilizopewa siku ile.

Kwa mikoba ile 20 nilibaki na Sh. 250,000. Deni langu kwa mhasibu wa shule lilikuwa Sh. 310,000, nalo lilitakiwa kabla ya mtihani. Wiki ile ile akaja mwenye duka mmoja wa mjini, akataka mikoba 30 kwa Sh. 14,000 kila mmoja, kwa mali kauli, yaani nimpe mikoba sasa na anilipe akisha kuiuza. Wenzangu walifurahi na kusema nimepata tajiri. Nikachukua daftari. Vitu vya mikoba 30 ni Sh. 300,000 kutoka mfukoni mwangu, na kazi ni saa 90 katika muhula wa mtihani, kwa faida ya Sh. 120,000 ambazo hakuna aliyejua zitakuja lini. Nilimjibu kwamba nitampa 10 kwa Sh. 18,000, nusu ya fedha mbele. Alikasirika, akaondoka, kisha akarudi siku ya tatu na Sh. 90,000. Nusu ya pili ilichukua wiki sita, na mhasibu alinivumilia mpaka ikafika.

Mwenye kutaka kuona kazi za wengine kabla ya kuanza, aende kwenye maduka ya sanaa ya Buganda Road, au nyuma ya National Theatre. Ashike mkoba, augeuze ndani nje, atazame bitana ilivyofungwa na mishono iko umbali gani. Maonyesho makubwa ya Lugogo, yale ya wenye viwanda ya mwezi wa Oktoba, yafaa kwa kutembea na kujifunza, lakini si mahali pa kukodi meza ya kwanza. Anzieni makanisani na siku za wazazi.

Chama chetu cha kushona hukutana Jumamosi saa nane mchana, katika darasa la ufundi. Kila anayekuja alete sindano mbili nene, mkasi, vibanio sita na nusu mita ya pamba. Mbugu ya kujifunzia, vile vipande vinavyobaki pembeni, nitaileta mimi. Cherehani tunayo moja tu, nayo hukwama. Kama yuko mwanafunzi wa zamani mwenye nyingine iliyolala nyumbani imefunikwa kitambaa, tutaifuata wenyewe.