Kupokea Ujumbe Si Kuuhifadhi: Chagua Mipangilio ya Kupakua

Tuchukue mfano wa mkulima wa korosho wa Nakapanya, mkoani Ruvuma. Asubuhi, akiwa penye mtandao, anatumiwa waraka wa bei za mnada kupitia kundi la WhatsApp la chama cha ushirika. Analiona jina la waraka, anaridhika, anakwenda shambani. Adhuhuri mnunuzi wa kangomba anamtajia bei. Mkulima anafungua simu ili alinganishe, lakini hapo hapana mtandao na waraka haufunguki. Kilichojipakua ni picha za harusi kutoka kundi jingine.

Kwa nini hutokea hivyo?
Kwa kawaida, mipangilio ya awali ya WhatsApp hupakua picha zenyewe kwa data ya simu, lakini video na nyaraka husubiri Wi-Fi. Mtumiaji asiye na Wi-Fi hubaki na picha asizozihitaji na kukosa waraka anaouhitaji.

Mipangilio inayofaa
1. Fungua mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya uhifadhi na data. Kwa data ya simu, ondoa alama kwenye picha na video. Weka kwenye nyaraka. Maandishi na ujumbe wa sauti hupokelewa bila kujali chaguo hili.
2. Picha au video unayoihitaji, iguse uipakue mwenyewe.
3. Katika Gmail, chagua idadi ya siku za barua za kusawazisha. Siku 30 zilizowekwa awali zinaweza kupunguzwa iwapo nafasi ya simu ni ndogo.
4. Kabla ya kuondoka penye mtandao, fungua kila waraka muhimu. Waraka wa WhatsApp ukifunguka, umehifadhiwa.

Tahadhari
Ujumbe wa WhatsApp usiofika kwenye simu husubiri kwa siku 30, kisha hufutwa. Usizime simu au data kwa muda mrefu ukitarajia kuukuta.

Haki yako
Mtoa huduma anawajibika kukuarifu matumizi ya kifurushi yanapofikia asilimia 75 na yanapofikia asilimia 100. Usipoarifiwa, wasilisha malalamiko kwake kwanza. Usiporidhika na majibu, yafikishe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Zoezi
Zima data ya simu sasa, kisha fungua waraka wa mwisho uliotumiwa. Je, umefunguka?