Skonzi Laini za Kubebea Yai

Skonzi nyingi tunazonunua dukani asubuhi zimeokwa kwa ajili ya chai. Ni tamu na nyepesi, ukiichovya inaloa papo hapo, na kwa kazi hiyo hazina mpinzani. Ila ipasue katikati, weka yai la kukaanga na vipande vya nyanya: hujafika nusu, upande wa chini umeshakatika na yai liko kiganjani. Skonzi ya sandwichi inatakiwa iwe laini ukiing'ata, na bado iwe na nguvu ya kubeba. Zote mbili zinapatikana jikoni kwako, kwa maji ya kutosha na kukanda kwa kutosha.

Maji ndiyo yanayowatisha watu. Unga ukimganda mtu mikononi, mkono unakwenda wenyewe kwenye pakiti ya unga mkavu. Anaongeza konzi moja, kisha nyingine, mpaka donge halishiki popote, na hapo ulaini umeshaondoka. Kila anayeniuliza namwambia avumilie unata wa mwanzo, maana kukanda kutaupunguza.

Kwa skonzi 12 natumia gramu 500 za unga mweupe wa ngano (usiwe ule uliotiwa baking poda tayari), maji mililita 150, maziwa mililita 170, yai moja, sukari gramu 50, siagi gramu 60, hamira ya chenga gramu 7 na chumvi gramu 8. Ukiweza, nunua mizani ndogo ya jikoni. Kikombe cha unga ulioshindiliwa na cha unga uliochekechwa havilingani uzito hata kidogo, na kwenye mkate tofauti hiyo inaonekana.

Naanza na uji. Chota gramu 30 za unga kutoka kwenye zile 500, koroga na yale maji yakiwa bado baridi, kisha bandika kwenye moto mdogo ukikoroga bila kuacha. Ukikaribia nyuzi 65 za Selsiasi, wanga unafyonza maji na kuvimba. Utaona mwiko unaacha njia chini ya sufuria. Ipua hapo hapo. Mbinu hii inatumika sana Uchina na Japani kwenye mikate ya maziwa, na kwetu, ambako kupika uji ni kazi ya kila asubuhi, haina ugeni. Maji yaliyoshikwa na wanga hayatoki kirahisi kwenye oveni. Ndiyo maana skonzi hizi zinabaki laini hadi kesho yake, wakati nyingine zimeshakauka jioni.

Uji upoe mpaka kidole kiuvumilie bila shida, kwa sababu joto la nyuzi 60 linaua hamira. Changanya kila kitu isipokuwa siagi, funika, kisha uache unga utulie dakika 20. Usiiruke hatua hii: unga unakunywa maji, na gluteni inaanza kujifunga yenyewe kabla hujatoa jasho. Halafu kanda. Lipige donge mezani, likunje, lizungushe, lipige tena, kwa dakika 10 hivi. Ndipo utie siagi, kipande kwa kipande. Ukiitia mapema, mafuta yanaufunika unga na gluteni inachelewa kujengeka, na gluteni ndiyo itakayobeba yai lako. Endelea mpaka ukikata kipande na kukivuta polepole kwa vidole kinatanuka kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika. Mimi siachi kukanda kabla ya kuuona utando huo, hata saa inipite.

Muda wa kuumuka unategemea unaishi wapi. Dar es Salaam mwezi wa Februari, jikoni kukiwa na nyuzi 30 na zaidi, donge linaweza kuvimba maradufu kwa dakika 45, kwa hiyo wakati huo natumia maziwa ya kutoka kwenye friji ili kupunguza kasi. Njombe au Lushoto mwezi wa Julai donge hilo hilo linaweza kuchukua saa mbili au zaidi, na wa huko atapasha maziwa yake yawe vuguvugu na kuweka bakuli karibu na jiko. Ukubwa wa donge ndio wa kutazama, saa ni msaidizi tu. Na tafadhali usiongeze hamira ili kuharakisha; mkate utanuka hamira na ladha ya ngano itafifia.

Likishavimba, litoe hewa, kata madonge ya gramu 80, yaviringe yawe duara lililokazika juu, kisha yabonyeze kidogo kwa kiganja. Sandwichi inataka skonzi pana kuliko ndefu. Yapange kwenye trei iliyopakwa siagi, ukiacha nafasi ya kidole kimoja kati yake. Yakivimba yatagusana, na sehemu zilizogusana hazitafanya ganda. Yaumuke tena, kisha bonyeza moja kwa kidole: shimo likirudi polepole na kuacha alama, ni wakati wa kuoka. Ukitaka kula saa moja asubuhi, yafunike na uyaweke kwenye friji usiku, mara tu baada ya kuyaviringa. Alfajiri yatoe, yaache yamalizie kuumuka, uoke. Ladha inakuwa bora zaidi, na binafsi ndiyo njia niipendayo.

Paka maziwa juu, uoke kwa nyuzi 180 kwa dakika 18 hadi 22. Jiko la mkaa nalo linatosha. Weka vijiwe vitatu ndani ya sufuria nzito, ipashe kwanza, kisha weka kibati cha skonzi juu ya vijiwe na ufunike. Makaa ya chini yawe machache na yaliyokwisha kufunikwa na majivu. Mengi yakae juu ya mfuniko. Zikitoka, zipake siagi zikiwa za moto na uzifunike kwa kitambaa safi, mvuke ulainishe ganda.

Zipoe kabla ya kuzikata. Pasua, paka siagi pande zote mbili za ndani ili maji ya nyanya yasipenye, kisha weka yai lililokaangwa na kitunguu na pilipili hoho. Nyanya nazitoa mbegu kwanza. Asiyekula yai aponde parachichi kwa chumvi na ndimu, na hapo skonzi yenye sukari kidogo inaonyesha thamani yake. Ya mtoto wa shule subiri yai lipoe ndipo uifunge, la sivyo mvuke utailowesha kabla ya mapumziko. Zinazobaki usiziweke kwenye friji, kwa sababu ubaridi ule unaufanya mkate uchakae haraka kuliko mezani. Zifunge vizuri uzigandishe kwenye friza, halafu uzipashe kwenye sufuria kavu iliyofunikwa, moto mdogo, dakika chache.