Daftari la Mtoto Linatuambia Nini?

Baadhi yenu, wanakamati na wafadhili wetu, mmeuliza kwa nini orodha ya watoto wanaosubiri kuonwa na mtaalamu wa tiba ya usemi imepungua. Fedha hazikukosekana. Orodha yenyewe tuliikosea.

Mwanzoni tulikusanya madaftari na kuhesabu makosa. Aliyeandika "kurara" kwa kulala, au "zahabu" kwa dhahabu, tulimwandikisha. Kumbe wengi waliandika kama wanavyotamka nyumbani, ambako lugha yao haitenganishi r na l, au dh na z. Huo si ugonjwa. Ni kazi ya mwalimu darasani. Wakati huohuo tulimpita binti mmoja wa darasa la nne mwenye daftari safi kabisa. Alikuwa akinakili ubaoni tu.

Sasa tunamwomba mtoto asimulie kwa mdomo jambo lililomtokea, kisha aliandike mwenyewe bila kusaidiwa. Tunalinganisha. Anayesimulia vizuri lakini maandishi yake yanaruka silabi, msaada wake ni wa kusoma na kuandika. Yule ambaye kote kuwili sentensi ni za maneno mawili matatu, matukio hayafuatani, wala hatumii "halafu" au "kwa sababu", tunamsikiliza tena kwa lugha ya nyumbani. Akiimudu, basi ni ugeni wa Kiswahili. Akikwama hata huko, huyo ndiye anayetangulia kwa mtaalamu.

Anayeacha s, f au sh mara kwa mara apimwe masikio kwanza, hasa kama yanatoka usaha. Hili tusilicheleweshe kwa kusubiri mtaalamu.

Yule binti tulimrudia. Kuhusu safari ya sokoni aliandika: "Mama soko. Mimi mama. Nyanya." Kwa mdomo hakuzidi hapo, kwa Kiswahili wala kwa lugha ya kwao, na masikio yake ni mazima. Kwa hiyo mpango wake haukuanzia kwenye kalamu. Anapanga picha tatu, anasimulia kilichotangulia na kilichofuata, ndipo anaandika sentensi moja kwa kila picha. Jioni mama yake anarudia naye picha zilezile.

Tunaziomba kamati za sharika, mnapotuletea daftari la mtoto, mtuandikie pia lugha inayosemwa nyumbani kwao, na kama kazi ile aliinakili au aliitunga mwenyewe.