Kutumia Simu Zaidi ya Moja Zisizo na Waya katika Laini Moja ya Mezani

Laini ya simu ya mezani huingia nyumbani kupitia soketi moja, ilhali watu wa nyumba hiyo huwa sebuleni, jikoni, uani au katika duka lililo mbele ya nyumba. Kwa sababu hiyo, mtumiaji mwenye simu isiyo na waya huweza kufikiria kuongeza nyingine. Katika somo hili tunaeleza jinsi ya kufanya hivyo bila kuharibu huduma yake wala ya jirani.

Sehemu za simu

Simu isiyo na waya ina sehemu mbili. Kitako huunganishwa na laini pamoja na umeme. Mkonga huchukuliwa mkononi na kuwasiliana na kitako kwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo hufika takriban meta 50 ndani ya nyumba na hadi meta 300 mahali pa wazi. Kuta nene na mapaa ya bati hupunguza umbali huo.

Vitako viwili katika laini moja

Inawezekana kuunganisha vitako viwili katika laini moja. Simu ikipigwa, vyote vitalia, na mkonga wa chochote kati ya hivyo unaweza kupokea. Hata hivyo, mtumiaji azingatie yafuatayo:

1. Laini ni moja. Mtu akizungumza dukani, aliye sebuleni hawezi kupiga simu nyingine. Akiinua mkonga atasikia mazungumzo yale yale.
2. Mikonga ya vitako tofauti haiwezi kuitana wala kuhamishiana simu, na kila mfumo hutunza orodha yake ya namba.
3. Kila kifaa hutumia sehemu ya nguvu ya mlio inayotoka katika laini. Vifaa vikizidi, mlio hufifia au hukosekana kabisa.
4. Kama laini hiyo hubeba pia intaneti kwa waya wa shaba, kila kitako kiwekewe kichujio chake. Vinginevyo sauti itakwaruza na intaneti itakatika.

Njia iliyo bora kwa nyumba nyingi ni kuwa na kitako kimoja chenye mikonga kadhaa. Vitako vingi vya mfumo wa DECT hukubali kusajili mikonga ipatayo minne hadi sita. Mkonga wa ziada huhitaji umeme wa kuchajia tu, wala hauhitaji soketi ya simu.

Masafa: jambo la kukagua kabla ya kuunganisha

Simu za DECT zilizotengenezwa kwa utaratibu wa Ulaya hutumia masafa ya megahezi 1880 hadi 1900. Zile za soko la Marekani, zenye maandishi "DECT 6.0", hutumia megahezi 1920 hadi 1930. Masafa hayo ya pili yamo ndani ya yale ambayo simu za mkononi za kizazi cha tatu hutumia kupeleka mawasiliano kwenye mnara, yaani megahezi 1920 hadi 1980. Simu za zamani za Marekani za megahezi 900 nazo huingilia masafa ya simu za mkononi.

Mnara ulio karibu hupokea mawimbi ya kitako hicho kama kelele. Simu za majirani hukatika au hushindwa kuunganishwa, na mwenye kitako huenda asijue kwamba chanzo ni yeye, kwa kuwa simu yake inafanya kazi vizuri. Kwa kawaida kitako hurusha mawimbi pindi kipatapo umeme, hata kisipounganishwa na laini. Katika kata kama Kang'ata wilayani Handeni, simu ya mkononi ndiyo ya kuulizia bei ya mahindi, kutumiana fedha na kuitia gari la mgonjwa. Kwa hiyo zawadi iliyoletwa na ndugu kutoka ng'ambo yaweza kuwagharimu watu wasiowahi kuiona.

Hatua za kuchukua

• Soma kibandiko kilicho chini ya kitako. Ukiona "DECT 6.0", au adapta ya volti 120 pekee, usikiunganishe. Umeme wetu ni wa volti 230.
• Uliza muuzaji iwapo kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na udai risiti.
• Weka vitako mbali kimoja na kingine, na mbali na kifaa cha intaneti isiyo na waya.
• Tumia betri za kuchajiwa pekee katika mkonga. Betri za kawaida zikichajiwa huweza kuvuja au kupasuka.
• Bakiza simu moja ya waya. Umeme ukikatika, simu isiyo na waya hunyamaza. Ile ya waya iliyo kwenye laini ya shaba hupata nguvu kutoka katika laini yenyewe.

Sauti ikikwaruza, chomoa vitako vyote, kisha jaribu laini kwa simu ya waya. Tatizo likiendelea, lipo katika laini: toa taarifa kwa mtoa huduma wako na utunze namba ya taarifa hiyo. Usiporidhika na majibu yake, wasilisha lalamiko TCRA. Tatizo likiisha, rudisha kitako kimoja kimoja hadi utambue chenye kasoro.