Kupimwa masikio hakuumi

Je, wewe huongeza sauti ya redio mpaka watu wa nyumbani wanung'unike? Au humsikia mtu akizungumza lakini maneno yenyewe huyashiki? Usingoje. Nenda ukapimwe.

Kwanza, daktari atachungulia ndani ya sikio kwa tochi ndogo. Huenda tatizo ni nta tu, na ikitolewa utasikia vyema. Usijichokoe kwa njiti ya kiberiti. Waweza kutoboa ngoma ya sikio.

Kisha utaketi katika chumba kimya, uvishwe visikizi. Kila usikiapo mlio, hata ukiwa hafifu sana, utabonyeza kitufe. Majibu huchorwa kwenye chati, kila sikio na mstari wake. Mwenye masikio mazima husikia hata mlio ulio chini ya desibeli 20. Hakuna sindano.

Ukipewa kifaa cha kusikia, usitarajie miujiza. Ubongo huhitaji wiki kadhaa kuzizoea tena sauti ulizozisahau. Sauti yako mwenyewe itakushangaza, na honi za matatu zitakuudhi. Anza kwa saa chache nyumbani, kisha uongeze kila siku. Kikipiga mbinja au kikikuumiza, kirudishe kirekebishwe. Wengine hukitia kwenye droo, wakaendelea kuketi kimya huku jamaa zao wakizungumza.

Lakini sikio likiacha kusikia ghafla, hiyo ni dharura. Muone daktari siku hiyo hiyo. Matibabu yakichelewa, huenda usisikie tena kwa sikio hilo.